Florence na Kalenga

Wageni humiminika Florence, Italia, kutazama kazi za mafundi wa kale kama Botticelli na Michelangelo. Hazina nyingi zingali pale kwa sababu mwaka 1737 Anna Maria Luisa, wa mwisho wa ukoo wa Medici, alifunga mkataba kwamba mali ya sanaa ya ukoo wake isiondolewe mjini kamwe.

Kalenga yetu, karibu na Iringa, ilinyang'anywa kwanza, mkataba ukafuata. Wajerumani waliiteka ngome ya Mtwa Mkwawa mwaka 1894. Mwaka 1898 shujaa huyo alijiua asikamatwe, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, alikabidhiwa fuvu mwaka 1954, miaka 35 baadaye. Limehifadhiwa Kalenga.

Kilichopatikana kwa taabu hiyo hakifai kuachiwa watalii peke yao. Tunatoa wito kwa shule za Mbeya na Iringa: wapelekeni watoto Kalenga, na pia Isimila kwenye zana za mawe za binadamu wa kale. Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa.