SABUNI YA NYUMBANI NI ZAWADI NJEMA, LAKINI SODA HAIPIMWI KWA MACHO

Katika miji ya pwani, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, tangu zamani si jambo geni kumpa mtu zawadi ya kitu cha kujipaka kilichotengenezwa nyumbani. Bibi arusi husingwa kwa singo, mchanganyiko wa maua yaliyokaushwa, karafuu, liwa na marashi ya mawaridi, mpaka ngozi yake ikalainika na kunukia. Vilua, asumini na rehani hufungwa pamoja vikawa kikuba cha kuvaliwa. Thamani ya vitu hivi haiko katika bei yake, bali katika kazi ya mikono ya nyanya, shangazi na somo waliokaa barazani wakivitengeneza kwa ajili ya mtu wanayempenda.

Siku hizi wanawake wengi, wa pwani na wa bara, wameongeza zawadi nyingine, nayo ni sabuni ya kuogea. Vipande vyake hufungwa kwa karatasi safi na kupelekwa arusini, au kwa mzazi aliyetimiza arobaini, au kwa jirani siku ya Idi au ya Krismasi. Jambo hili lastahili kusifiwa. Hata hivyo sabuni si sawa na singo. Aliyezidisha maua katika singo hapati hasara kubwa ila harufu kupita kiasi. Lakini aliyezidisha soda katika sabuni amemwandalia rafiki yake kitu cha kumuunguza ngozi. Kwa hiyo anayetaka kutoa zawadi hii sharti ajue jambo moja kabla ya mengine yote: soda hupimwa kwa mizani. Haipimwi kwa macho, wala kwa kijiko, wala kwa kikombe.

SABUNI HUTOKANA NA NINI

Sabuni hupatikana mafuta yakikutanishwa na maji makali ya namna fulani. Watu wa kale waliyapata maji hayo kwa kuchuja maji katika majivu. Hivyo ndivyo Wayoruba wa Afrika ya Magharibi watengenezavyo sabuni yao nyeusi, ambayo wao huiita ose dudu. Sabuni ya majivu huwa laini, haigandi ikawa ngumu sana. Katika nchi za Mashariki ya Kati mafundi wa Nablus na wa Aleppo wamepata sifa kwa sabuni za mafuta ya zeituni, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliziandika kazi zote mbili katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Mabadiliko makubwa yalitoka Ufaransa. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc alipata hati ya serikali kwa njia yake ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, na baadaye soda ikapatikana kwa wingi. Mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, alitoa kitabu kilichoeleza yaliyomo ndani ya mafuta na jinsi yanavyogeuka kuwa sabuni. Tangu hapo kazi hii imekuwa na hesabu. Kila namna ya mafuta ina kiasi chake cha soda, na kiasi hicho chajulikana.

Hapa Kenya watu wengi wakisikia neno soda hukumbuka magadi, yachimbwayo katika Ziwa Magadi na kutiwa katika maharagwe ili yaive upesi. Yafaa kufahamu kwamba magadi hayo siyo soda ya sabuni inayoelezwa hapa. Soda ya sabuni ni soda kali, iitwayo kostiki madukani, nayo ina nguvu kuliko magadi mara nyingi. Magadi hayawezi kushika mahali pake katika vipimo vifuatavyo, na soda kali haiingii katika chakula hata chembe.

MAFUTA YA NAZI NA SHAHAMU

Mafuta ya nazi ndiyo yapatikanayo kwa urahisi pwani. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa tui, na tui likachemshwa polepole mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu ya mashapu. Kisha huchujwa yakawa meupe, yasiwe na maji ndani yake. Mtu wa Mombasa huyaona yakiwa maji karibu mwaka mzima. Lakini mtu wa Limuru akipelekewa chupa yake huyakuta yameganda, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto likipungua kufika nyuzi 24 hivi. Hayo si kuharibika, na yakipashwa moto kidogo huyeyuka tena.

Sabuni ya mafuta ya nazi huwa ngumu, nyeupe, yenye povu jingi, nayo hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Upungufu wake ni huu: ikiwa ni ya mafuta hayo peke yake huondoa mafuta ya ngozi kupita kiasi, na mtu hubaki mkavu. Ndiyo sababu watengenezaji huyachanganya na mafuta mengine. Bara, shahamu ya ng'ombe yafaa sana. Hukatwa vipande vidogo, huyeyushwa pamoja na maji na chumvi kidogo, huchujwa kwa kitambaa, na ikipoa tabaka safi la juu huondolewa likatumika. Anayetaka kumpelekea Mwislamu zawadi ya sabuni hiyo na ahakikishe kwamba shahamu ni ya mnyama aliyechinjwa kihalali. Kwa Mhindu asiyekaribia kitu cha ng'ombe, zawadi hiyo haifai kabisa.

VIPIMO

Kwa sabuni ya kilo moja na nusu hivi huchukuliwa vitu hivi, vyote kwa mizani inayoonyesha gramu:

Mafuta ya nazi, gramu 500.
Shahamu ya ng'ombe iliyosafishwa, gramu 500.
Soda kali kavu, gramu 150.
Maji safi, gramu 330.

Hesabu yake ni hii. Gramu 500 za mafuta ya nazi zahitaji soda gramu 91 na nusu hivi ili zigeuke zote, na gramu 500 za shahamu zahitaji gramu 70 na nusu hivi. Jumla ni 162. Lakini hutiwa 150 tu, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na kuilinda ngozi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu asiye na mafuta ya nazi wala shahamu huchukua kilo moja ya mafuta ya alizeti na kutia soda ile ile gramu 150, akidhani kwamba mafuta yote ni mamoja. Sivyo. Kilo moja ya mafuta ya alizeti huweza kugeuza soda gramu 135 hivi tu. Gramu 15 zitakosa kazi ya kufanya na kubaki ndani ya sabuni zikimngoja mwogaji. Anayebadili mafuta sharti abadili hesabu pia.

JINSI YA KUFANYA

Kazi hufanywa mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Mtengenezaji huvaa glavu za mpira, miwani ya kufunika macho na nguo ya mikono mirefu. Chombo chake kiwe cha enameli isiyobanduka, au cha chuma kisichoshika kutu, au cha plastiki nzito istahimiliyo joto. Sufuria za kawaida za jikoni hazifai, kwa maana ni za alumini, na soda huila alumini na kutoa hewa iwezayo kuwaka moto.

Maji hutangulia chombo kwanza, kisha soda hutiwa ndani yake kidogo kidogo, huku yakikorogwa. Soda huingia katika maji, wala maji hayamwagwi juu ya soda, kwa sababu yataruka na kumrushia mtu usoni. Maji hayo yatapata moto mkali yenyewe bila jiko na kutoa mvuke usiofaa kuvutwa puani. Huachwa yapoe mpaka kufika nyuzi 40 au 45. Mafuta nayo huyeyushwa na kupoa kadiri hiyo hiyo.

Kisha maji ya soda humiminwa polepole katika mafuta na kukorogwa bila kuchoka mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji, hata tone likiangushwa juu liache alama. Kwa mwiko kazi hii huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Hapo humiminwa katika kisanduku cha mbao kilichotandikwa karatasi isiyoshika mafuta, hufunikwa, na kuachwa siku moja au mbili. Ikishika hukatwa vipande, mkono ukiwa bado ndani ya glavu.

Vipande hivyo si sabuni ya kutumiwa bado. Hupangwa juu ya ubao mahali pakavu penye hewa, visigusane, kwa majuma manne mpaka sita, ili maji yapungue na sabuni iwe ngumu na pole kwa ngozi. Anayetaka kutoa zawadi ya Krismasi basi hana budi kuanza kazi mapema mwezi wa Novemba. Kabla ya kuifunga, sabuni hupimwa kwa karatasi ya kupimia ukali. Sabuni njema aghalabu huonyesha namba 9 au 10. Ikionyesha namba iliyopita 11, au ikikatwa ikaonekana ina vishimo vyenye maji au punje nyeupe kali ndani, haipewi mtu.

HATARI KUBWA ZAIDI

Kuungua kwa ngozi si baya kuliko yote. Baya zaidi ni mtoto kunywa soda. Kuna watu wawekao maji ya soda yaliyobaki katika chupa ya soda ya kunywa, wakaiacha chini ya meza. Mtoto mwenye kiu haulizi. Soda humuunguza kinywa na koo, na hata akipona, kovu huweza kulifunga koo asiweze kumeza chakula mpaka apate matibabu ya muda mrefu. Soda kali na ikae katika chombo chake chenye maandishi, ikafungiwe juu pasipofikiwa na mtoto, wala isihamishiwe kamwe katika chombo cha kunywea.

Soda ikimrukia mtu mwilini au machoni, nguo zilizolowa huvuliwa na mahali hapo huoshwa mara moja kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Siki haipakwi. Aliyemeza soda halazimishwi kutapika, kwa kuwa ikipanda itamuunguza mara ya pili. Huyo hupelekwa hospitali bila kukawia.

MANUKATO NA VIUNGO

Mafuta ya mchaichai, ya mlangilangi au ya mkaratusi huweza kutiwa wakati sabuni imekuwa kama uji. Kwa kilo moja ya mafuta, gramu 20 zatosha kabisa. Mafuta ya karafuu huwasha, nayo yasipite gramu 5. Sabuni ya mtoto mchanga isitiwe manukato.

Wanawake wa Kibuyuni, katika kaunti ya Kwale, wanaolima mwani baharini, wamejifunza kutumia sehemu ya mavuno yao katika sabuni. Jambo hili laonyesha kwamba kitu cha mahali chaweza kuipa sabuni jina na sifa yake. Ila mwani, liwa au kiungo kingine chochote hakiondoi lazima ya mizani. Naye anayetaka kuuza, si kutoa zawadi tu, sharti kwanza afuate kanuni za Shirika la Viwango la Kenya na kupata alama yake.

KWA ASIYE NA MIZANI

Asiye na mizani asitengeneze sabuni. Lakini hana haja ya kwenda mikono mitupu, kwa kuwa kuna zawadi nyingine isiyotaka soda. Huchukuliwa nta safi ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nazi sehemu nne, huwekwa katika bakuli lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, mpaka nta iyeyuke. Nta haiwekwi juu ya moto wenyewe, kwa maana huweza kuwaka. Mchanganyiko humiminwa katika vikopo vikavu na kuachwa ugande. Ni mafuta mazuri ya midomo iliyopasuka na visigino vya mkulima wakati wa baridi ya Julai. Nta ikizidi yatakuwa magumu, ikipungua yatakuwa mepesi, wala hayatamwumiza mtu kwa sababu hiyo.

Iwe sabuni au mafuta, kila kifurushi na kiwe na kikaratasi kilichoandikwa vitu vyote vilivyomo na siku kilipotengenezwa. Kuna watu ambao ngozi zao hukataa kiungo fulani, na mwenye kupokea ana haki ya kujua. Kikaratasi hicho hakigharimu kitu, na kwa yule anayekisoma ni ushahidi kwamba aliyemletea zawadi alipima kila kitu kabla ya kukitia.