Mabwawa ya Ruai na Uhai wa Mto Nairobi

Jina la jiji letu kuu linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Avukaye Mto Nairobi pale Gikomba hatakosa kuiona kejeli iliyomo. Katika makala haya nakusudia kueleza kazi ya mtambo wa majitaka wa Dandora ambao, licha ya jina lake, uko Ruai, mashariki mwa jiji.

Nasema mtambo huu "hutibu" majitaka. Wengi wetu husema "kusafisha", nalo neno hilo humfanya msikilizaji adhani kuwa maji yatokayo huko yanafaa kunywewa. Hayafai. Yanachofaa ni kurudishwa mtoni bila kuudhuru mto.

Mto hudhurika vipi? Kinyesi na mabaki ya chakula yaingiapo mtoni, bakteria huyala, na katika kuyala hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Uchafu ukizidi, oksijeni huisha na samaki hufa. Hapo husalia bakteria wasiohitaji oksijeni, na hao ndio watoao ile harufu ya mayai viza. Basi kazi ya mtambo ni kuhakikisha kuwa karamu hiyo ya bakteria inaliwa bwawani kabla maji hayajafika mtoni. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kipimo: maji yanayotolewa yasidai zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita katika siku tano.

Huko Ruai hakuna mashine nyingi za kustaajabisha. Vyuma vya kuchuja huzuia matambara na plastiki, mchanga hutuama, kisha maji huingia katika mabwawa yaliyopangwa kwa mfuatano. La kwanza ni lenye kina kirefu, lisilo na oksijeni; humo tope huzama na kuoza taratibu. La pili lina kina kifupi zaidi na rangi ya kijani, kwa kuwa mwani huota juu yake. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, bakteria wakaitumia kula uchafu uliosalia, nao kwa upande wao wakaulisha mwani. Ama kwa hakika huu ni ushirika wa kupendeza! Katika mabwawa ya mwisho miale ya jua huua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo hutuama chini. Mfumo huu hauhitaji umeme mwingi, ila hudai ardhi kubwa na muda wa siku nyingi. Mtambo wa Kariobangi, ulio mdogo zaidi, hutumia vichujio vya mawe.

Mtambo wa Ruai ulikusudiwa kupokea takriban mita za ujazo 160,000 kwa siku. Hata hivyo, hautibu ila kile kinachoufikia. Mitaa mingi ya mabanda haijaunganishwa na mabomba ya majitaka, na uchafu wake huteremka moja kwa moja mtoni. Mabomba hupasuka. Aidha, wapo wakulima wanaoziba mabomba makusudi ili majitaka yafurike na kunywesha mboga zao, mboga ambazo huuzwa sokoni jijini. Sumu za viwandani nazo ni tatizo la namna nyingine, maadam bakteria hawawezi kula risasi wala kromiamu. Huenda hata wakafishwa nazo.

Wapo watakaosema hili ni suala la wanajiji. Lakini Mto Nairobi huingia Mto Athi, nao Athi hupita Ukambani ambako watu huchota maji yake, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomwagika Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Mvuvi wa Mambrui, ambaye pengine hajawahi kufika Nairobi, hutega nyavu zake mkabala na mdomo wa mto huohuo.