Majina ya Mimea na Mgawanyo wa Mvua katika Nyanda za Juu za Ngorongoro

Msafiri atokaye Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa na kufika Karatu, nchi ya udongo mwekundu iliyo kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbele yake husimama milima iliyozaliwa na volkano: Oldeani, Lemagarut, Olmoti, Loolmalasin, na kati yake Ngorongoro yenyewe. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi milima hiyo inavyoigawa mvua, na kuonyesha kwamba mgawanyo huo umehifadhiwa katika majina ambayo Wamaasai waliyapa mahali hapo bila ya kipimo chochote cha mvua.

Kwanza yafaa tulitazame neno moja. Ngorongoro huitwa kreta, au kasoko kwa Kiswahili cha kamusi. Lakini kasoko hasa ni tundu ambalo volkano hutapikia moto, na Ngorongoro ni kitu kingine, ambacho wataalamu hukiita kaldera. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita mlima mkubwa ulimwaga uji wake wa mawe, tumbo lake likabaki tupu, na kilele kikadidimia ndani. Likabaki bakuli lenye upana wa kilomita 19 hivi, kina cha mita 600 na sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi.

Sasa tuje kwenye mvua. Pepo zivumazo kutoka Bahari ya Hindi huchukua mvuke mwingi. Zikutanapo na milima hii hulazimika kupanda. Hewa ipandapo hupoa, na mvuke hugeuka ukungu na mvua. Ndiyo sababu miteremko inayoelekea mashariki na kusini, juu ya Karatu, hupata milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, nayo imefunikwa na msitu mnene. Hewa hiyo ishukapo upande wa pili huwa imekwisha kumwaga maji yake, tena hupata joto. Basi nyanda za magharibi hukaa katika kivuli cha mvua, na sehemu zake kavu hupata nusu ya kiasi hicho, au pungufu.

Tukiyafuata majina, tutaiona habari hiyo hiyo. Oldeani ni neno la Kimaasai lenye maana ya mwanzi, na mianzi humea huko juu penye baridi na ukungu. Ndani ya kaldera uko msitu wa Lerai, uliopewa jina la olerai, yaani mgunga wenye gome la manjano. Mti huo hautegemei mvua peke yake, bali hupenda mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, na hapo huyapata yale yashukayo kutoka kwenye kingo. Mbele zaidi, bondeni, tunafika Oldupai, yaani mkonge mwitu, mmea uvumiliao ukame. Wageni waliandika v mahali pa p, na ulimwengu ukazoea Olduvai. Kwa kosa la herufi moja, jina lililokuwa habari ya nchi likawa sauti tupu.

Mianzi, mgunga, mkonge: hizo ni ngazi tatu za maji, kila moja chini ya mwenziwe. Hata jina la ziwa lililomo ndani ya kaldera, Magadi, lina maelezo yake. Kijito cha Munge hushuka kutoka Olmoti na kuingia ziwani, lakini ziwa halina mlango wa kutokea. Maji hupaa kwa jua, na chumvi hubaki.

Mambo haya si ya wasomi peke yao. Msitu wa mlimani huunasa ukungu, huyatunza maji ya mvua na kuyaachia polepole katika chemchemi. Mashamba ya kahawa, ngano, mahindi na maharage ya Karatu yanautegemea, na pia mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambako mvua ni haba na watu humwagilia kwa maji ya chemchemi. Huko Lerai migunga mingi imekufa katika miongo iliyopita, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni chumvi iliyozidi udongoni. Hapo jina limeanza kutangulia mbele ya kitu chenyewe.

Kwa hiyo ni vema mwenye kuchora ramani aandike majina kama wenyeji wayatamkavyo, na aulize maana yake. Jina la mmea likidumu mahali ambapo mmea umetoweka, huo waweza kuwa ushahidi kwamba maji yamebadili njia. Lakini ushahidi huo hautamfaa mtu asiyejua tena maana ya jina.