Kama Rafiki Yako ni Mtoto wa Mwanajeshi

Hebu tazama darasani kwako. Kama unasoma Makongo au Jitegemee pale Dar es Salaam, huna haja ya kutafuta mbali: shule hizo ni za jeshi, na watoto wa wanajeshi wanakaa dawati moja na watoto wa raia. Lakini hata kama uko Songea, Tabora au Nachingwea, yule mgeni aliyeingia katikati ya muhula, hata choo hajui kiko wapi, huenda kaletwa na uhamisho wa baba au mama yake kutoka kikosi kingine.

Kila tarehe 1 Septemba tunakumbuka kuanzishwa kwa JWTZ mwaka 1964, na wanajeshi wanapewa shukrani zao. Sawa kabisa. Je, watoto wao? Wao hawakula kiapo, lakini uhamisho ukitoka wanafunga mizigo kama wazazi wao.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu niliyeongea naye kwenye semina alikuwa amesoma shule za msingi nne. Sekondari nayo akahamishwa. Kule alikotoka walikuwa bado hawajaanza moli kwenye Kemia, huku wenzake wameshaimaliza. Unajua kilichomsaidia? Jirani yake wa dawati alimwachia daftari lake wikiendi mbili mfululizo, bila hata kuombwa. "Dada, yule ndiye nilimwona ndugu," aliniambia. Kwa hiyo ukiuliza umshukuru vipi mtoto wa mwanajeshi, anzia kwenye daftari.

Kuna jambo zito zaidi. Wanajeshi wetu wamepelekwa kulinda amani nje ya nchi, mara nyingine kwa miezi mingi, na si wote waliorudi. Julai 2013, Watanzania 7 waliuawa Darfur, Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017, waasi walishambulia kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini, Kongo, wakawaua walinda amani 15 wa Tanzania na kujeruhi zaidi ya 40. Sasa fikiria hali ilivyo kambini habari kama hiyo inapotangazwa redioni. Habari hutangulia, majina huja baadaye. Katikati hapo, kila mtoto ambaye mzazi wake yuko kule anasubiri, na kila anayebisha hodi anamshtua.

Ukiwa na rafiki wa namna hiyo, saa hizo usimwulize, "Eti baba yako si yuko kule kule?" Usimpelekee picha za maiti zinazozunguka kwenye simu, wala usizisambaze kwa wengine, maana huenda zikamfikia yeye kabla jeshi halijafika nyumbani kwao. Nenda ukakae naye. Kama mmezoea kucheza bao, chezeni bao. Si lazima useme neno la maana.

Na siku za kawaida jamani, tuache lile swali la "Baba yako ameua wangapi?" Wavulana hasa mnalipenda. Mwenzako hajui, na pengine ndilo linalomkosesha usingizi. Pia usimbane akuambie mzazi wake yuko wapi au atarudi lini. Si kwamba anaringa. Nyumbani kakatazwa kuyasema hayo.

Wengi hudhani mzazi akirudi matatizo yamekwisha. Hapana! Wakati baba hayupo, binti wa miaka 15 amekuwa akipanga matumizi ya nyumbani na mama, akiwalaza wadogo zake, akifunga milango usiku. Baba anarudi, anataka kila kitu kiwe kama alivyokiacha. Hapo ugomvi hauko mbali. Baadhi ya waliotoka vitani hushtuka kwa mlio mdogo, huota ndoto mbaya, hukasirika haraka au huzidisha pombe. Hayo yanatokana na mambo waliyopitia na yanatibika, na wala si aibu. Mtoto naye msongo wa mawazo humtokea mwilini: kichwa kinauma, tumbo linasokota, usingizi haupatikani, masomo hayaingii. Akilalamika tumbo kila Jumatatu, usikimbilie kusema anategea vipindi.

Marekani wana mwezi mzima kwa ajili ya watoto hawa, Aprili, tangu mwaka 1986. Shuleni huchagua siku moja wakavaa zambarau, rangi inayochukuliwa kuwa mchanganyiko wa rangi za matawi yote ya jeshi lao. Si vibaya. Ila nadhani klabu yenu ya afya inaweza kufanya zaidi kwa gharama ya karatasi chache tu: andikeni mada mlizokwisha kusoma kwa kila somo, na jina la mwanafunzi aliye tayari kuazimisha daftari lake. Mgeni yeyote akifika apewe siku ya kwanza. Hata mtoto wa polisi au wa mwalimu aliyehamishwa atafaidika.

Rafiki yako akikueleza ya nyumbani, yatunze. Lakini akisema anapigwa, au anatamani kufa, hiyo si siri ya kutunza. Nenda naye kwa mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au mtu mzima mnayemwamini, siku hiyo hiyo. Kama hayupo, pigeni 116, simu ya taifa ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure.