Mfanyakazi Alale Wapi? Hesabu ya Kodi na Nauli Mjini Litein

Mwenye biashara wa Litein anayelalamika kwamba vijana anaowaajiri hawakai, aanze kwa kuwauliza wanalala wapi. Mshahara ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni chumba.

Mji huu uko kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik, kama kilomita 30 kutoka Kericho, na chai imeuzunguka pande zote. Kuna hospitali ya AIC, iliyoanza kama zahanati ya wamisionari mwaka wa 1924. Kuna kiwanda cha chai cha KTDA, shule za bweni, benki, hadweya na hoteli za chai na chapati. Kazi nyingi za hapo zinataka mtu aingie kabla ya kupambazuka au atoke usiku: muuguzi wa zamu, fundi wa kiwandani majani yanapofurika, mpishi anayetakiwa awe ameshakanda unga saa kumi na moja alfajiri. Saa hizo matatu ni za kubahatisha, na wa bodaboda anapandisha bei.

Tupige hesabu kwa bei za mfano; wewe weka za kwako. Mfanyakazi anayelala kwao, tuseme upande wa Roret, halipi kodi na anakula mboga za shambani. Lakini boda ikiwa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, kwa siku 26 za kazi ametumia 5,200. Anayetoka Kericho kwa matatu ya 150 anafikisha 7,800. Aliyepanga singo ya mabati ya 2,500 anatembea kwa miguu, na hata akiongeza 700 za maji na stima bado hajafika 3,300. Bedsita ya mawe, yenye choo chake, tuiweke 5,500. Kwa mtu aliye peke yake, singo inashinda. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, bedsita ni nafuu kuliko inavyoonekana, kwa sababu hatoki nje kwenye baridi usiku kutafuta choo cha ploti nzima.

Singo nayo ichunguzwe kabla ya kulipa. Mara nyingi mita ya stima ni moja kwa vyumba vyote, na tokeni zinanunuliwa kwa mchango. Mwenye balbu moja anachanga sawa na jirani mwenye friji na pasi, na kutoka hapo ugomvi hauishi. Uliza kama kila chumba kina mita yake. Uliza pia maji yanafunguliwa saa ngapi: bomba la langoni likifunguliwa jioni tu, anayefanya zamu ya jioni atakuwa anayanunua kwa mtungi.

Kuna wanaolala dukani au stoo. Kwa tajiri huo unaonekana msaada, kwani kodi hakuna na mlinzi amepatikana bure. Mimi naukataa. Litein kuna baridi, na mtu aliyefungiwa ndani ataingiza jiko la makaa. Gesi ya makaa haina harufu, na inaua mtu usingizini. Hakuna mzigo wa dukani unaostahili kulindwa kwa bei hiyo.

Nyumba za kampuni za chai zina sifa zake. Kodi haisumbui, shamba liko mlangoni, na mara nyingi shule na kliniki ziko karibu. Ila chumba kimefungwa kwenye kazi: kazi ikiisha, na paa limekwenda. Tangu mashine za kuchuma majani zilipoanza kuchukua nafasi ya mikono, familia zilizokulia kwenye nyumba hizo zinakuja kutafuta vyumba mjini, na zinakuta foleni.

Sasa turudi kwa mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka ampe mfanyakazi makao ya kufaa au pesa za kutosha kupanga, isipokuwa mkataba umeshaziingiza kwenye mshahara. Kwa wengi wanaolipwa kima cha chini, marupurupu ya nyumba ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 16,000 hiyo ni 2,400, haitoshi hata singo yetu ya mfano. Tangu Machi 2024 mwajiri pia anatoa asilimia 1.5 ya mshahara kama ushuru wa nyumba za bei nafuu, na mfanyakazi anakatwa kiasi hichohicho. Pesa za nyumba anatoa tayari. Kinachokosekana ni chumba cha kupanga, hapahapa, mwezi huu.

Vyumba vikiongezeka, faida inaonekana kwenye droo ya duka. Aliyehama kutoka Roret hadi singo anabaki na karibu 2,000 kila mwezi. Ni kweli pesa ya boda nayo ilikuwa ya mtu wa hapa, lakini sehemu yake iliishia kwenye petroli. Mpangaji wa mjini ananunua maziwa asubuhi, sukuma jioni, ananyolewa hapa, anashona hapa. Na kazini anafika kwa wakati.

Kwa mwenye kipande cha ardhi karibu na barabara, jambo moja la kujua: ushuru wa asilimia 7.5 wa kodi za nyumba unaanza mapato yakizidi 288,000 kwa mwaka. Vyumba sita vya, tuseme, 3,500 vikijaa mwaka mzima vinaleta 252,000, chini ya kiwango hicho. Chai inalipa kila mwezi kidogo na bonasi mwezi wa Oktoba. Vyumba vinalipa mvua ije isije.

Kizingiti kibaya zaidi ni cha siku ya kwanza. Mwenye ploti anataka kodi ya mwezi pamoja na dipoziti: kwa chumba cha 3,500, ni 7,000 kutoka kwa mtu ambaye hajapokea mshahara hata mmoja. Hapo ndipo mfanyakazi mzuri anapotupotea. Wenye hoteli, hadweya na maduka ya Litein, mlipieni dipoziti hiyo anapoanza kazi, mkubaliane kwa maandishi, mumkate kidogo kidogo kwa miezi mitano au sita. Wenye ploti, kubalini dipoziti kwa awamu mbili mwajiri akisimama mdhamini.