Je, Wajua? WebSocket Hubisha Hodi Mara Moja Tu

Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa aunsi, yaani gramu 31.1, na hupanda na kushuka mchana kutwa. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mchimbaji mdogo wa Masumbwe ana mahali rasmi pa kupimia mzigo wake. Lakini kabla ya kufunga safari huchungulia bei kwenye simu, na hapo ndipo bando lake huliwa bure. Kurasa nyingi huandikwa hivi: kila sekunde 5 simu huiuliza seva kama bei imebadilika, nayo seva hujibu hata kama hakuna jipya. Ni maswali 720 kwa saa. Tukikadiria swali na jibu lake kuwa baiti 700, nusu megabaiti huteketea kila saa, sehemu kubwa ikiwa ni salamu tupu.

WebSocket, itifaki ya mawasiliano iliyosanifiwa Desemba 2011 kwa waraka RFC 6455, hubisha hodi mara moja, kisha mlango hubaki wazi. Hodi yenyewe ina kioja. Simu hutuma baiti 16 za kubahatisha. Seva huziunganisha, zikiwa katika maandishi, na mfuatano usiobadilika unaoanza na 258EAFA5, huusaga mchanganyiko huo kwa kinu cha hesabu kiitwacho SHA-1, kisha hurudisha unga wake pamoja na namba 101, yaani ishara ya kukubali kubadili lugha. Wengi hudhani huo ni ulinzi. Sivyo: mfuatano ule haufichwi. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba aliyeitikia anaijua lugha hii, si seva ya zamani inayoitikia chochote. Usiri huletwa na wss, yaani WebSocket iliyosimbwa. Baada ya hapo, ujumbe mfupi wa seva hubeba kichwa cha baiti 2 tu, na hutumwa bei inapobadilika.

Atakayesema bei husafiri upande mmoja tu, hivyo Server-Sent Events, njia ya seva kutuma bila kusikiliza, ingetosha, ana haki. WebSocket hulipa pale mchimbaji anayeuza naye anapojibu kwa uzito na bei anayoitaka. Atakayesema mtandao wetu hukatika naye hakosei, ila dawa ipo: ping na pong, yaani ujumbe mdogo wa kuulizana kama mwenzako yupo, hugundua mlango uliokufa ukionekana mzima, na simu hubisha upya baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Katika FastAPI, zana ya kuandikia seva kwa Python, `@app.websocket("/bei")` na `accept()` humaliza hodi yote. Waandishi wengi wa programu huishia hapo, na muunganisho ukifa, lawama hutupiwa mnara. Soga, mnada, ramani ya bodaboda, matokeo ya mpira, vipimo vya mitambo: kote kanuni ni hiyo hiyo. Programu isiyojua kubisha hodi upya haijakamilika, hata kama jijini inafanya kazi vizuri.