Siyu: Vita vya Baba, Wasia wa Mama



Tunapotaja ushujaa wa pwani, aghalabu huwataja waliobeba silaha. Wiki hii tunawaalika nyinyi mlioko Lamu na Mombasa, na nyinyi mlio mbali na bahari, huko Kisegi kando ya Ziwa Viktoria, tubishe hodi katika nyumba moja ya Siyu, kisiwani Pate.

Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni, wanakili wa Misahafu na mafundi wa ngozi na mbao. Mtawala wake, Bwana Mataka, alikataa kuwa chini ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, ambaye Mombasa ilikwisha kuangukia mikononi mwake mwaka 1837. Katikati ya miaka ya 1840 Sayyid Said alipeleka jeshi, likashuka Faza. Merikebu kubwa hazikuweza kuufikia mji, kwa kuwa mlango wake ni mkondo wa maji machache baina ya mikoko. Ikawabidi askari wapite nchi kavu, na vichakani watu wa Siyu walikuwa wakiwangoja. Jeshi lilirudishwa nyuma, na amiri wake akauawa.

Tusilifiche lililo chungu: pande zote mbili zilikuwa za Waislamu, wakielekea kibla kimoja. Huku na huko walibaki wajane na mayatima.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki, na Bwana Mataka naye akaaga dunia. Nyumbani alibaki Mwana Kupona binti Msham na watoto wake wawili. Mume hayupo, ugomvi na Zanzibar haujesha, na mwili wake mwenyewe umeshikwa na maradhi. Angemwachia nini binti yake, Mwana Hashima?

Mwaka 1858 alimtungia utendi. Humo hamna mipango ya vita wala wito wa kisasi. Mna kumcha Mwenyezi Mungu, ulimi wenye adabu, heshima ya ndoa, usafi wa nyumba, na dua ndefu ya mama anayejua kwamba huenda hatakuwapo.

Katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid, Siyu ilisalimu amri. Muhammad, mmoja wa wana wa Bwana Mataka, aliishia kifungoni katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Kilichopiganiwa kwa silaha kwa zaidi ya miaka ishirini kilipotea. Kilichoandikwa na mama mgonjwa kingali chasomwa.

Kina mama wenzetu, si lazima tuwe malenga. Usiku mmoja wa juma hili, tumwite binti au mwana, tumwambie lile ambalo tungetaka alikumbuke tutakapokuwa hatupo. Na atakayeweza, aliandike.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na azilinde nyumba zetu na fitina. Amin.